Kiingereza cha Nyuma ya Ukuta

Mtu akikwambia kwamba kijijini Zagayu hakuna mwalimu wa Kiingereza, usimsikilize. Mwalimu alikuwapo, tena hodari, jina lake Deogratias, na wanafunzi wake wa sekondari walikuwa wakifaulu hata wale ambao wazazi wao walishakata tamaa. Tatizo la Mektilda halikuwa kukosa mwalimu. Tatizo lake ni kwamba mwalimu mwenyewe alikuwa amemwoa binti yake.

Kwa asiyeujua Usukuma, niseme wazi. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani. Si kwamba wanachukiana. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Wakikutana njiani, mmoja anakata kona na kupita katikati ya pamba ya watu. Hawali pamoja, hawakai chumba kimoja, na salamu hutolewa kwa mbali, uso umeelekea pembeni. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na wakwe zao na kupiga picha, na mvua inanyesha kama kawaida. Lakini Mektilda alikuwa mtu wa zamani katika mambo mawili, mapishi na heshima. Miaka sita tangu binti yake Kija aolewe, alikuwa anaijua sauti ya mkwe wake, kikohozi chake na mlio wa baiskeli yake. Uso wake hakuujua. Hata siku ya harusi, kanisani, aliangalia viatu vyake mwenyewe.

Mambo haya hayakumsumbua mtu yeyote mpaka Kija aliposoma tangazo kwenye ubao wa ofisi ya kata. Kambi moja ya watalii, huko mpakani na Serengeti, ilitafuta mpishi wa vyakula vya asili. Awe na uzoefu, awe msafi, na ajue Kiingereza cha jikoni. Usaili ungefanyika Bariadi baada ya wiki tano.

Uzoefu Mektilda alikuwa nao wa kugawa bure. Kwa miaka kumi na moja alikuwa mpishi wa shule ya msingi, na harusi ya Zagayu ambayo hakupika yeye ilisemwa vibaya mwaka mzima. Usafi, usiseme. Kiingereza chake ndicho kilichoishia "Good morning, teacher," na hicho nacho alikuwa akikiimba zaidi kuliko kukisema.

Lakini kazi ile aliitaka. Aliitaka mpaka usingizi ukapungua, na wala hakumficha mtu. Kila siku ya Mungu alikoroga uji wa watoto mia nne katika pipa, wakanywa, wakakimbia kucheza mpira. Hakuna hata siku moja mtoto aliyegeuka akauliza nani kapika. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na alitaka, kabla mikono haijachoka, apike chakula mahali ambapo mtu atauliza.

"Sasa mkwe akufundishe?" mumewe Masalu alimwuliza. "Utakaa dawati lipi, mama Kija?"

"Mtaka cha uvunguni sharti ainame."

"Kuinama sawa. Utainama umeangalia wapi?"

Kija ndiye aliyepata njia. Nyumbani kwake, kwenye nyumba za walimu, palikuwa na jiko la nje la matofali ya udongo, halina dirisha, lina matundu tu chini ya paa ya kutolea moshi. Mama angekaa ndani kwenye kigoda, ameelekea mafiga, mgongo wake ukutani. Mume wake angeweka kiti nje, kivulini, naye mgongo wake ukutani. Kati yao tofali moja. Masalu alilifikiria jambo hilo kutwa nzima, akaona halivunji kitu.

Siku ya kwanza, saa kumi jioni, walisalimiana kwa Kisukuma kupitia ukuta.

"Mwadila, mayu," alisema Deogratias, kwa sauti ya mtu anayeongea na askofu.

"Mwadila, baba."

Kisha mwalimu akaanza. Bahati mbaya Deogratias alikuwa mwalimu wa mikono. Darasani kwake alikuwa akiruka, akiinama, akipanda juu ya kiti, ili neno liingie.

"Mama, 'stand up' ni kusimama. 'Sit down' ni kukaa. 'Put down' ni hivi."

"Hivi vipi?"

"Hivi."

Ndani, Mektilda aliuangalia moto. Nje, Kija alimwona mumewe ameshika daftari juu, analishusha taratibu mpaka chini kwa ajili ya ukuta wa udongo, akakimbilia nyuma ya nyumba kwenda kucheka.

Somo la siku hiyo lilikufa. La kesho yake nusura lifuate, ila maziwa yaliokoa jahazi. Mektilda alikuwa ameyaweka motoni ili asikae bure, na Deogratias, huko nje, akasikia yanavyovuma yakipanda.

"Mama, maziwa yanakaribia kumwagika."

"Nayaona."

"Hapohapo. Yakipanda yakamwagika, Waingereza wanasema 'boil over'. Sasa vuta kuni moja."

"Nimevuta."

"Umepunguza moto. 'Turn down'. Kambini ni gesi, utazungusha kitasa, lakini neno ni hilohilo. Ipua sufuria."

"Nimeipua."

"'Take off'."

Mektilda akarudia yote matatu, mwiko mkononi. Kuanzia jioni ile Deogratias aliacha mikono, akafundisha kwa pua na masikio. Alisikia kisu kwenye ubao akasema "cut up", ni kukatakata. Alisikia maji yakimiminwa mpaka tone la mwisho kwenye mtungi akasema "run out", ni kuishiwa. Harufu ya kitunguu ilipomfikia alijua ni wakati wa kumwambia "stir in", kuchanganya ndani huku unakoroga. Mektilda naye akagundua kwamba neno akilipokea huku mkono unalifanya, halitoki tena.

Kilichomkera ni vile vineno vidogo vya mwisho. Up, down, off, out, over. Alisema vinamfuata mpaka kitandani kama inzi wa kwenye zizi. Kwa nini "put off" ni kuahirisha, "put out" ni kuzima, "put away" ni kurudisha chombo mahali pake, na "put" ni ileile?

Deogratias alikuwa na mfano mzuri sana wa hilo, ule wa dada anayeolewa mara tatu na kila ukoo unampa jina jipya. Darasani ulikuwa ukichekesha. Lakini mambo ya ndoa huwezi kumtolea mama mkwe, akakohoa tu, akasema wazungu ndivyo walivyoamua.

Siku moja mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kitabu chake kilikuwa na orodha, naye alikuwa akiisoma bila kuangalia mbele, kama mtu anayeendesha baiskeli usiku bila taa.

"'Fall down', kuanguka. 'Fall behind', kubaki nyuma. 'Fall for'..."

Akafunga kitabu.

"'Fall for' ni nini, baba?"

"Ukurasa huu tuuache."

"Hauna maana?"

"Maana unayo, mama. Ni mambo ya vijana."

Mektilda akaelewa, naye Deogratias akaelewa kwamba ameelewa, na kwa dakika nzima ikasikika mlenda tu ukichemka. Baadaye, mwalimu alipokwenda kuoga, Mektilda alimbana binti yake mpaka akamweleza ukurasa mzima: kumpenda mtu mpaka kichwa kizunguke, kutoka naye, kuachana naye, kurudiana naye. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kitenge. Kumbe hao watu kila jambo lao lina kineno chake kidogo cha nyuma.

Wiki tano zikaisha. Kufikia Ijumaa ya mwisho, Mektilda alikuwa akiongea na ukuta ule kama anaongea na jirani. Deogratias aliuliza harakaharaka, naye akajibu harakaharaka, na mwalimu akasema hana cha kuongeza. Wote watatu waliamini kazi imekwisha, na hakuna hata mmoja aliyeona kilichopungua.

Usaili ulifanyika Bariadi, katika ukumbi mdogo wa nyumba ya wageni. Waombaji walikuwa tisa, wengi wao mabinti waliotoka vyuo vya hoteli, wenye vyeti kwenye bahasha za plastiki. Mektilda alikuwa na barua ya mwalimu mkuu na kitenge kilichopigwa pasi mpaka kikang'aa. Alipoitwa alikuta meza, na nyuma ya meza watu wawili. Mmoja alikuwa Stephania, ofisa wa kambi, mwenyeji wa Moshi, miwani puani. Mwingine alikuwa meneja, mama wa Kizungu mrefu, nywele za kijivu, asiyejua Kiswahili zaidi ya "asante".

Meneja alimwangalia usoni, akatabasamu, akamwuliza kwa Kiingereza anafanyaje usafi baada ya chakula cha mchana chenye wageni wengi. Alisema "clean up". Mektilda alilijua "clean up" kama anavyojua jina lake.

Akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Macho manne yalikuwa yanamtazama. Akayashusha yake mezani, akayainua, akayashusha. Kiingereza hajawahi kukisema hata neno moja mbele ya uso wa mtu, na sasa uso ulikuwa pale, mweupe, unasubiri, na maneno yote aliyoyapika wiki tano yakakataa kuja. Meneja aliuliza swali la pili, taratibu zaidi. La tatu hakulimaliza.

"Sawa, mama," alisema Stephania kwa upole, akifunga faili. "Tutakupigia simu."

Simu hiyo kila mtu anaijua. Ni ile isiyolia. Mektilda alisimama, akashukuru, akaenda mlangoni. Aliwaza atakavyoingia nyumbani na jinsi Masalu atakavyojitahidi asiulize. Aliliwaza pipa la uji. Mkono wake ulikuwa kwenye kitasa aliposikia meneja, nyuma yake, akimwambia Stephania kwamba inasikitisha, alitaka tu kumwuliza mama huyu anafanyaje maziwa yakimwagika. "If the milk boils over."

Mektilda akajibu. Hakukusudia. Yalitoka yenyewe, kwenye mlango ule wa mbao, kwa sauti yake ya jikoni.

"I turn down the fire. I take off the pot. I wipe up the milk and I start over. But my milk does not boil over, madam. I watch it."

Anapunguza moto, anaipua sufuria, anafuta, anaanza upya, ila maziwa yake hayamwagiki kwa sababu anayaangalia. Hata yeye alishtuka.

"Mama, rudi ukae," alisema Stephania.

Akarudi, akakaa, akainua uso, na maneno yakapotea tena palepale. Lakini safari hii alijua yamekwenda wapi. Akavuta pumzi.

"Dada, naomba nigeuze kiti."

"Ugeuze kiti? Utupe mgongo?" Stephania alivua miwani. "Mama yangu, huko kwenu hiyo si dharau?"

"Kwa wengine ni dharau. Mimi aliyenifundisha ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, na sisi hatutazamani. Alikaa nje ya jiko, mimi ndani, tumepeana mgongo wiki tano. Kiingereza changu chote kimeingilia mgongoni, dada. Mbele hakijafika."

Stephania alimtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii, alimgeukia meneja na kumtafsiria yote, ukuta, mafiga, mkwe, matundu ya moshi. Ilichukua muda. Mektilda alisubiri akiwa ameshika kitenge chake kwa mikono miwili, akijiambia kwamba liwalo na liwe, wakimfukuza watamfukuza akiwa amesema kweli.

Meneja hakucheka. Aliinuka, akabeba kiti chake mwenyewe, akazunguka meza, akakiweka nyuma ya kiti cha Mektilda na kukaa, mgongo kwa mgongo, yeye ameelekea dirishani na Mektilda ameelekea ukutani kwenye kalenda ya mwaka jana.

"So," alisema. "We run out of rice, and there are ten people at the table."

Mchele umeisha na wageni kumi wako mezani. Mektilda aliiangalia kalenda na kujibu kwamba hawataishiwa, maana yeye huweka akiba pembeni, "I put aside". Na wakiishiwa, atatoa michembe, ataichemsha na karanga, na wageni watasahau habari ya mchele. Meneja aliuliza michembe ni nini. Akaelezwa viazi vitamu vinavyomenywa, vinavyokatwa, vinavyoanikwa. Aliuliza gesi ikizimika, mtumishi akichelewa, nyama ikiharibika. Mektilda alizima, akawasha, akatupa, akaanza upya, vyote kwa vineno vyake vidogo, na mkono wake wa kulia ulikuwa ukikoroga hewani bila yeye kujua.

Kisha likaja swali ambalo hakufundishwa. Meneja alimwuliza kwa nini anaitaka kazi hii.

Mektilda alipekua kila alichopewa kupitia ukuta ule, akachukua kilichofaa.

"Eleven years I dish up for four hundred children," alisema. Miaka kumi na moja anawapakulia watoto mia nne. "They eat up, and they run off. Nobody finds out who cooked. I don't want to give up cooking before somebody finds out."

Wanakula wote, wanakimbia, na hakuna anayejua nani kapika. Hataki kuacha kupika kabla hajatokea mtu akajua. Akasikia kiti cha nyuma yake kikilia, halafu mkono wa mtu ukamgusa begani, ukakaa pale kidogo.

Stephania hakusema tutakupigia simu. Aliandika jina.

Jumapili jioni Mektilda aliketi kwa mara ya mwisho kwenye kigoda cha Kija. Habari ilikwishafika, kijiji kizima kiliijua, lakini alitaka kumweleza mwalimu mwenyewe, na alimweleza kwa Kiingereza tangu mwanzo hadi mwisho. Palipokuwa na makosa, Deogratias hakusahihisha.

"Mama," alisema baadaye, kwa Kiswahili, na sauti yake haikuwa ya kawaida. "Darasani kwangu wanakaa watoto sitini. Wote wananiangalia. Sijawahi kumpata aliyenisikiliza kama wewe."

Mektilda alimpenda kijana huyu kama aliyemzaa, akatamani kumwambia, na katika lugha tatu alizokuwa nazo hakupata namna ambayo mama mkwe angeweza kulisema hilo akabaki na heshima. Akasema asante ya Kisukuma, "wabeja, baba," akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Jumatatu asubuhi gari la kambi lilimfuata barabarani. Begi lake lilitangulia. Deogratias alilibeba kwenye baiskeli tangu nyumbani, hatua mia mbele, na Mektilda na Kija wakafuata polepole ili wasimfikie. Alipofika barabarani alilishusha begi, akaliegemeza kwenye jiwe la kilometa, akavuka ng'ambo na kusimama kando ya shamba la mtu, amewapa mgongo.

Mektilda alimkumbatia binti yake, akapanda gari, akafungua kioo. Mtu aliyekupa mgongo unaruhusiwa kumwangalia. Basi akamwangalia kwa mara ya kwanza katika miaka sita. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Shati lilikuwa safi, kola imechakaa, na kichwani, nyuma kabisa, nywele zilishaanza kupungua.

"Teacher," aliita. "Look after my daughter." Amtunzie binti yake.

"I will, mother," alijibu Deogratias, akiliambia shamba la pamba.

Dereva, kijana wa Arusha aliyeitwa Elia, aliwasha gari. Alimtazama yule mtu kupitia kioo cha pembeni, kisha akamtazama abiria wake aliyekuwa akifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Pole, mama," alisema. "Mmegombana na yule bwana?"

"Tugombane?" Mektilda alisema. "Mwanangu, hakuna mtu duniani anayeniheshimu kama yule."